Aliyesimama Makaburini

Mlingotini,
21 Julai 2024

Mdogo wangu Shuaibu,

Assalaam alaykum. Nakuombea barua hii ikukute mzima hapo Lugoba kwa Mjomba Twalha. Huku wote tupo. Mama bado yumo edani, anamaliza mwezi wa tatu sasa. Amepungua mwili lakini anakula. Kila nikienda Bagamoyo kumwangalia namkuta amekaa palepale, nyuma ya mlango kwa ndani, ananiuliza nje kuna nini, kama vile mtaa wa Dunda unaweza kuhama. Samia ametimiza miaka minne, anakwenda chuo cha Kurani na kibao chake, anarudi amejipaka wino mpaka masikioni. Shemeji yako Feisal anakusalimu sana. Mimi na mwani wangu tunaendelea, bei imeshuka tena, tusizungumze hayo.

Naandika kwa sababu simu yangu imekufa kioo, na hata ingekuwa nzima, wewe yako umeiuza na hukuniambia. Nimeambiwa na Mjomba. Barua nampa Mwishehe, yule kondakta wa basi la Msata, akifika Msata atatafuta mtu wa kuileta Lugoba. Ikichelewa usinune.

Matokeo yako ya kidato cha sita niliyapata nikiwa majini, maji yamenifika kiunoni. Mwenzangu mmoja alikuwa pwani na simu, akaniita, "Hajra, mdogo wako kapata daraja la kwanza." Kamba niliyokuwa naifunga ikaniponyoka ikachukuliwa na maji, wala sikuifuata. Mimi niliyeishia la saba nina mdogo wa daraja la kwanza. Baba angekuwepo angefunga karakana yake ya useremala siku nzima azunguke na karatasi ya matokeo. Unakumbuka alivyokuwa anakuita injinia tangu ulipomtengenezea redio yake, nawe uko darasa la nne.

Sasa niambie. Huo uhandisi ni wa nini, ni miaka mingapi, ni shilingi ngapi, na mtu akimaliza analipwa ngapi? Uniandikie kama unamwandikia mtu asiyejua, maana sijui. Nasikia kuna mkopo wa serikali na una siku zake za kuomba. Omba mapema, usije ukasubiri siku ya mwisho kama kawaida yako.

Ya madeni ya baba usiyatie kichwani kwanza.

Dada yako,
Hajra


Lugoba,
9 Agosti 2024

Dada yangu Hajra,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana ikiwa na mafuta ya sambusa, nadhani Mwishehe aliifanya sahani. Mjomba hajambo, ni mgongo tu unamsumbua. Msalimie shemeji Feisal na Samia. Mama mwambie namuombea.

Umeniuliza, nami nimekaa na karatasi. Kozi ninayoitaka tangu kidato cha tano ni uhandisi wa mafuta na gesi, kwa sababu ndiyo watu wanasema inalipa kuliko zote. Nyingine ninazoweza kupata ni ujenzi na umeme. Zote ni miaka minne. Ada kama milioni moja na nusu kwa mwaka, lakini ada ndiyo ndogo, kikubwa ni kula na kulala. Ukijumlisha miaka yote minne mkopo unafika milioni kumi na nane, pengine zaidi. Wanaoanza kazi wananiambia laki tisa kwa mwezi, kama kazi ipo. Bodi ya mikopo inakata asilimia kumi na tano, yaani laki moja na thelathini na tano. Nimegawanya. Ni miaka kumi na moja ya kukatwa. Nikiajiriwa siku ileile ninayomaliza, nitakuwa na miaka thelathini na mitano siku ya kukatwa mara ya mwisho. Na watu hawaajiriwi siku wanayomaliza.

Lakini si hilo, dada.

Wewe hukuwepo makaburini. Shehe alipouliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, nilisimama. Nikasema, "Mimi mwanawe. Madeni yote ya baba ni juu yangu." Sikujua ni mangapi. Nilidhani ni vijisenti vya dukani. Hakuna aliyeniambia niseme, midomo ilisema yenyewe, nikaona wazee wanatikisa vichwa kwamba nimekuwa mwanamume. Kumbe ni Mzee Ausi wa mbao, milioni moja na laki tisa. Bi Sihaba alitanguliza laki nne na nusu za kitanda na kabati, na mbao zake bado zimesimama ukutani hazijaguswa. Amiri wa duka la dawa laki tatu na nusu. Milioni mbili na laki saba. Wamenipa mpaka mwisho wa mwaka. Nisipolipa mimi ni nyumba iuzwe, na ndani ya nyumba yumo mama.

Nitawekaje sahihi deni la pili wakati la kwanza nimelitamka juu ya kaburi la baba, na yeye yumo ndani analisubiri? Nimepata kibarua kwenye machimbo ya kokoto hapa. Elfu kumi kwa siku. Ni kwa muda tu.

Mdogo wako,
Shuaibu


Mlingotini,
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Shuaibu,

Natanguliza salamu za mama, amebakiza siku tatu atoke eda. Tumemshonea gauni. Samia alikuwa na mafua, yamekwisha. Shemeji yako yupo.

Barua yako nimeisoma mara nne, hesabu zako nimemwomba mwalimu wa Samia anihakikishie, akasema ziko sawa. Zimenikalisha chini. Lakini sikukaa sana. Nilikwenda Bagamoyo mjini nikamtafuta Bilali, yule aliyesoma hayohayo ya mafuta na gesi. Unamkumbuka, walimchinjia mbuzi alipokwenda chuo. Sasa yuko kwa fundi Hija anatengeneza friji.

Mwanzo hakutaka kuzungumza. Alikuwa amelala chali chini ya friji ya mtu, miguu tu ndiyo inaonekana, akaniambia kama nimeleta friji niseme, kama nimeleta maswali nirudi nayo. Nikakaa kwenye ndoo. Nikamwambia mdogo wangu anataka kusoma ulichosoma wewe. Miguu ikatulia. Akatoka.

Akaniambia wakati ule kila mtu alikuwa anasema gesi, gesi, hata muuza kahawa alikuwa anajua bei ya gesi. Akachagua kozi kwa kuangalia mshahara, hakuuliza kazi zenyewe ni ngapi na ziko wapi. Wamemaliza wengi, nafasi zikawa chache mno. Ametafuta miaka mitano. Nikamuuliza mkopo wake je. Akacheka, akasema, "Dada Hajra, huo naujua kwa tarakimu kuliko ninavyojua umri wa mama yangu." Fundi Hija akiwa pembeni akadakia kwamba yeye aliacha shule darasa la sita na ndiye anayemlipa msomi, akamwambia alete spana. Bilali akaleta spana. Sikucheka, Shuaibu. Alivyoileta nilitaka kulia.

Lakini nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema nikwambie hivi: "Asiulize ipi inalipa. Aulize ipi mtu atamwita hata kama hakuna aliyemwajiri." Umeme ukikatika nyumbani kwa mtu ataita anayejua. Akasema angerudi nyuma angesoma umeme, na mkopo angechukua tena, kwa sababu bila mkopo asingefika popote. Hilo la mwisho alilisema taratibu, nikaliweka moyoni.

Kwa hiyo omba umeme. Mkopo omba. Miaka kumi na moja ya kukatwa ni mirefu lakini ni ya mtu mwenye mshahara. Kokoto hazina mwaka wa kumi na moja, zitakumaliza mgongo kama wa Mjomba.

Na ya baba niachie. Kuna haki yangu moja ambayo sijawahi kumdai mtu. Nitaidai. Usiniulize ipi.

Dada yako,
Hajra


Lugoba,
20 Septemba 2024

Dada yangu Hajra,

Shikamoo. Natumai nyote wazima na mama ametoka salama. Mjomba anakusalimu. Samahani kwa kuchelewa, tunatoka machimboni tumechoka na kalamu inakuwa nzito.

Maneno ya Bilali nimeyapata. Ni kweli, umeme ni bora. Mambo ya maombi yanakwenda, yasikusumbue.

Safari iliyopita uliandika "shemeji yako yupo" na hukuniletea salamu zake. Yeye huwa hakosi kuniletea salamu na utani juu ya Simba. Hajambo? Na hiyo haki unayokwenda kuidai usiidai kwa ajili yangu. Nimekwisha weka akiba laki tatu na nusu.

Shuaibu


Dunda, Bagamoyo,
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Shuaibu,

Assalaam alaykum. Mama ametoka eda salama, tumesoma dua, amekwenda mpaka sokoni akarudi na papa mkavu analalamikia bei kama zamani. Moyo wangu umetulia kumwona analalamika. Mimi na Samia tupo hapa nyumbani siku hizi, tunamsaidia mama. Sitoki sana. Samia amehamia chuo cha hapa jirani.

Nina habari ya kukufurahisha. Madeni ya baba yamekwisha. Yote, tangu mwisho wa mwezi wa tisa. Mzee Ausi alikuja hapa nyumbani na shehe, akatazama pesa, akatazama zile mbao za Bi Sihaba zilizosimama ukutani, akasema baba alikuwa mtu wake miaka ishirini, akasamehe laki sita hapohapo. Bi Sihaba na Amiri nimewapa taslimu. Shehe ameandika karatasi kwamba marehemu hadaiwi na wewe uliyesimama hudaiwi. Ninayo karatasi, ipo ndani ya msahafu wa baba.

Sasa najua vyuo vinafungua mwisho wa mwezi huu au mwanzo wa ujao. Nimempa Mwishehe furushi: shuka mbili, ndoo yenye mfuniko, na elfu sitini ya kuanzia. Ndoo uandike jina lako, nasikia mabweni wanaibiana ndoo kuliko simu. Ukifika chuoni niandikie chumba namba ngapi. Nataka kujua umelala wapi.

Mama anasema uvae viatu vilivyofungwa kwenye mambo ya umeme. Nimemwambia unajua.

Dada yako,
Hajra


Lugoba,
8 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Furushi na barua vimenifikia juzi. Mwishehe alibadilishwa njia, vilikaa Msata wiki tatu kwa mama ntilie. Nimevipata siku ileile Mjomba aliporudi kutoka Bagamoyo.

Nilimtuma Mjomba na laki tano ampelekee Mzee Ausi. Mzee Ausi akazirudisha. Akasema, "Mwambie kijana hadaiwi. Dada yake alimaliza zamani." Mjomba akapita nyumbani kuwasalimu. Akarudi akaniambia dada yako yumo edani. Nikamwambia Mjomba umechanganya, aliyekuwa edani ni mama. Akasema mama ametoka, aliyemo ni Hajra. Nikasema eda ya nani? Shemeji nimemwona Msata Jumatatu, anakunywa chai na madereva, mzima.

Mjomba akasema nikuulize wewe mwenyewe.

Dada, na mimi nina la kukwambia, nililikalia tangu Agosti. Sipo chuoni. Sikuomba mkopo. Nilikwenda kwenye steshenari ya hapa Lugoba, wanapowajazia watu maombi kwa kompyuta. Nikajaza yote. Wakataka namba ya cheti cha kifo cha baba, nikaandika. Ikaja karatasi ya mdhamini, Mjomba akashika kalamu aweke sahihi kwamba nisipolipa aulizwe yeye. Nikauona ule mkono wake na kalamu. Nikasema Mjomba subiri, tutakuja kesho. Kesho yake nikaenda machimboni. Na keshokutwa. Dirisha la maombi likafungwa nikiwa na nyundo mkononi. Chuo walinichagua, umeme, nafasi ilitaka nithibitishe kabla ya siku fulani. Sikuthibitisha, ningelipa na nini? Niliona bora nilipe la baba kwanza, nikuandikie mwisho wa mwaka kwamba nimemaliza. Nilitaka uone nimemaliza mwenyewe.

Kumbe wewe ulikuwa unalipa na mimi nalipa, na hakuna aliyesoma.

Nina laki sita na elfu kumi. Nakuletea wewe. Niambie ulizitoa wapi zile.

Shuaibu


Dunda, Bagamoyo,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu, mwanangu Shuaibu,

Mama hajambo. Samia hajambo, anauliza baba yake yuko wapi, namwambia Msata, naona si uongo.

Barua yako aliisoma mama kwanza kwa sababu mimi nilikuwa naoga, na mama hawezi kuona bahasha asiifungue. Alikuja akanikalisha, akanipa, akatoka nje akaenda kukaa na zile mbao za Bi Sihaba. Bado zipo, Bi Sihaba alikataa kuzichukua, alisema apewe pesa, mbao zinamkumbusha marehemu.

Sitakugombeza. Nilitaka, nikaandika karatasi nzima, nikaichana.

Nitakueleza, ili usisikie kwa watu. Siku ya harusi yangu mahari ilitajwa milioni mbili. Feisal alitoa laki tano, milioni moja na nusu akabakiza. Unajua ilivyo kwetu, hiyo iliyobaki inakaa tu, mke haigusi, kila mtu anajua ipo na hakuna anayeitaja. Mimi nikaitaja. Nilisubiri amekula, ameshiba, nikamwambia naomba mahari yangu nimlipie baba. Akaweka glasi chini. Akasema, "Unataka kwenda wapi?" Nikamwambia siendi popote, nataka haki yangu tu. Akasema mwanamke haulizi mahari yake yote ila ameshafunga nguo zake.

Ningesema nipe kidogo kidogo pengine ingepita. Nilikuwa na haraka ya dirisha lako. Halafu maneno yakafika barazani, wakawa wanamtania, wanamwambia mkeo amekuletea bili ya umeme. Alinyamaza siku kumi na moja. Akauza pikipiki. Pesa alileta mama yake, zimefungwa kwenye kitambaa, na mashahidi wawili. Nikazihesabu mbele yao mara mbili, zilikuwa kamili, nikafurahi, Shuaibu, nakuapia nilifurahi. Ndipo nikaona chini ya kitambaa kuna karatasi. Talaka moja.

Nikauza na cherehani, laki tatu na nusu. Na mwani niliovuna, laki mbili na nusu. Hivyo ndivyo zilivyotimia.

Kwa hiyo usiniletee hizo laki sita. Mimi si mdai wako. Nitakwambia na jingine, halafu basi. Ulipokwenda kidato cha tano, laki nane za kuanzia hazikutoka karakana. Baba alizikopa kwangu, akasema asikuambie mtu. Siku ya mazishi ninyi mlikuwa makaburini mnaulizana nani anamdai. Sisi tulikuwa ndani na mama. Hakuna aliyeingia kutuuliza. Nilimsamehe nikiwa nimekaa mkekani, kimyakimya, hata aliyekaa karibu yangu hakujua. Basi na wewe nimekusamehe hivyohivyo, la mwaka huu uliopotea.

Usimchukie Feisal. Talaka ni moja, anaweza kunirudia kabla eda haijaisha. Hajaja. Kila gari likisimama nje mama ananitazama, nami najifanya nachambua mchele.

Hizo laki sita ziweke. Nunua simu ndogo, nyingine kalipie mafunzo ya ufundi umeme ya miezi mitatu, Bilali amenitajia mahali, ili mpaka dirisha likifunguliwa tena mwakani uwe umeshika nyaya badala ya nyundo. Machimboni uache mwezi huu. Fomu ileile, kozi ileile, mkopo uleule. Nimezirudia hesabu zako: sasa utakuwa na miaka thelathini na sita siku ya kukatwa mara ya mwisho. Samia atakuwa na ishirini, sote tutakuwepo.

Na mdhamini atakuwa mimi. Mjomba mwachie mgongo wake. Eda yangu itakuwa imekwisha zamani, nitapanda basi nije mwenyewe mpaka kwenye hiyo steshenari ya Lugoba na kitambulisho changu. Nitakaa kwenye kiti pembeni yako, nitaweka sahihi yangu ya darasa la saba, na sitainuka mpaka nione kwa macho yangu wameandika imepokelewa.

Ile ndoo usiitumie machimboni.

Dada yako,
Hajra